Mende wa Nyumbani na Mende wa Jukwaani: Kuhusu Kutia Alama Lugha ya Tathmini katika Matini ya Nairobi

Shabaha ya makala hii ni kuchunguza jambo ambalo wahakiki wa lugha zetu wamezoea kulipita haraka, nalo ni hili: tunaposema kwamba maneno fulani katika matini yanasifu au yanalaumu, tunajuaje? Na tukishajua, je, msomaji mwingine aliyeketi mbali nasi, mwenye matini ile ile mkononi, atafikia uamuzi ule ule? Hapo zamani suala hili lilikuwa la darasani tu. Mhakiki alisoma shairi, akasema kuwa mtunzi anamkejeli mtawala, na mwenzake akimpinga walijibizana katika kurasa za majarida pasi na mtu kudhurika. Siku hizi mambo sivyo. Kusoma sentensi moja moja na kuitia alama ya sifa, ya lawama, au ya kutokuwa na hili wala lile, kumekuwa kazi ya ujira, na alama hizo ndizo zinazofundishia mashine na kuongozea vyombo vya dola. Mwaka 2023 jarida la Time liliandika habari za wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya ukatili na kuyatia alama, kampuni ya OpenAI ipate kuifundisha programu yake kuyatambua. Hivyo basi yafaa tuulize alama hizo zina nguvu gani.

Kwa lugha ya tathmini tunakusudia maneno na miundo yote ambayo kwayo msemaji hupima: apendavyo na achukiavyo, anavyohukumu mwenendo wa watu, anavyothamini vitu. Mgawanyo huu wa hisia, hukumu na thamani tumeuchukua kwa J. R. Martin na P. R. R. White katika kitabu chao cha mwaka 2005. Wao hutofautisha pia tathmini iliyo wazi katika neno lenyewe na tathmini iliyodokezwa tu. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya Kiingereza, nacho chakiri hivyo katika jina lake. Lawama si yao bali ni yetu tunaokichukua kama kilivyo na kukivisha Kiswahili, mithili ya kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Mifano yetu tumeitoa hasa Kawangware 46, magharibi ya jiji la Nairobi. Nambari hiyo ni ya njia ya magari ya abiria yatokayo katikati ya jiji; jina la njia limekuwa jina la mahali, kama ilivyotukia kwa jirani yake, 56. Mtu akisimama kituoni hapo kwa muda mfupi husikia Kiswahili, Kikuyu, Kiluhya, Kijaluo, Kikamba na Sheng, na mara nyingi husikia mbili tatu kati ya hizo katika sentensi moja. Lakini si wingi wa lugha pekee uliotuvuta. Hapo maneno yana uzito wake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliitikisa Kawangware kama zilivyoitikisa Kibera, iliyo upande wa pili wa barabara ya Ngong, na moto uliwaka tena Kawangware baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017. Mkazi wa 46 ana haki ya kutaka kujua nani anayasoma maneno yake, na kwa kipimo gani.

Orodha ya mwaka 2022

Mwezi wa Aprili 2022, uchaguzi mkuu ukikaribia, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ilitangaza orodha ya maneno iliyoyahesabu kuwa ya chuki. Miongoni mwake yalikuwamo madoadoa, mende, chunga kura, watajua hawajui, na hatupangwingwi, neno hili la mwisho likiwa limetoka katika nyimbo za vijana likaingia katika kampeni. Hatuna shaka na nia ya Tume. Neno madoadoa lilitumika kuwatajia watu waliotakiwa kufukuzwa walikokuwa wakiishi, na mwanasiasa mmoja aliyelitamka jukwaani Eldoret mwezi wa Januari mwaka huo alikamatwa. Hata hivyo orodha ni namna ya kutia alama, na kama namna ya kutia alama haina budi kuhakikiwa.

Tuanze na mende. Karibu kila siku katika vichochoro vya Kawangware hupita mtu mwenye kipaza sauti kidogo akinadi dawa: mende, kunguni, panya, viroboto, wote kwisha! Kwa kipimo cha orodha, huyu ndiye mchochezi mkubwa kuliko wote wa Nairobi, maana hataji mende tu, bali anaahidi kuwaangamiza mpaka wa mwisho. Msomaji atacheka, nasi tulicheka. Lakini programu iliyofundishwa kwa orodha haina uwezo wa kucheka. Kwa upande mwingine, mtu anayetaka kuwachochea wenzake hahitaji kulitaja neno mende hata mara moja. Akishajua kuwa limeorodheshwa atasema "wale wageni wetu" kwa upole, na wasikilizaji wake watamwelewa. Orodha imemnasa muuza dawa, ikamwachilia mchochezi.

Neno hili lina historia iliyokwisha kupita mbele ya mahakama, na hiyo haikuwa mbali nasi. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyohukumiwa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, majaji wa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda walilazimika kuamua maana ya neno la Kinyarwanda inyenzi, yaani mende. Walimsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana. Ilielezwa kuwa neno hilo lilitumika tangu miaka ya 1960 kuwataja wapiganaji wakimbizi waliokuwa wakiingia nchini, na kwamba maana yake ya mwaka 1994 haikuweza kupatikana bila ya kutazama nani amelisema, wapi, na kuwaambia akina nani. Mahakama, yenye dhamana ya uhai na kifungo cha mtu, haikuridhika na kamusi. Kwa nini basi sisi turidhike na orodha?

Hapa pana wenzetu watakaosema: maadam kila kitu kinategemea muktadha, na tuache kabisa kutia alama, kila msomaji na asome apendavyo. Rai hiyo hatuikubali. Ni rahisi kuitamka mtu akiwa chuo kikuu. Mtu anayelala katika ploti ya mabati, asikiaye kwamba kuna maneno yanazungushwa juu yake, anataka kuwe na mtu wa kuyasoma kwa makini na kusema kweli kama ni ya kutisha au sivyo.

Hesabu inayodanganya

Njia iliyozoeleka ya kuthibitisha alama ni kuwapa watu wawili au zaidi matini moja, kila mmoja aitie alama peke yake, kisha kupima wamekubaliana kwa kiasi gani. Hilo ni jambo jema. Lakini asilimia ya makubaliano, ikiachwa peke yake, hudanganya. Tuchukue mfano wa kubuni. Wasomaji wawili wamepewa sentensi 100. Kila mmoja ameona kuwa 80 hazina tathmini na 20 zinayo. Wamekubaliana katika sentensi 80: 70 ambazo wote wamesema hazina, na 10 ambazo wote wamesema zinayo. Asilimia 80! Mwenye haraka ataandika ripoti hapo hapo. Lakini watu wawili hao, hata kama wangetia alama kwa kubahatisha tu huku wakishika uwiano ule ule wa 80 kwa 20, wangekubaliana katika sentensi 68 hivi. Kipimo alichokitunga Jacob Cohen mwaka 1960, kiitwacho kapa, huondoa makubaliano hayo ya bahati. Na katika mfano wetu asilimia 80 inashuka hadi kapa ya 0.375. Na tukitazama zile sentensi 30 ambazo angalau msomaji mmoja aliziona kuwa zina tathmini, tutakuta walikubaliana katika 10 tu. Yaani pale penye jambo lenyewe tunalolitafuta, waliachana mara mbili kila walipokubaliana mara moja.

Matteo Fuoli, katika makala yake ya mwaka 2018, ameeleza vizuri namna ya kuipandisha hesabu hiyo hatua kwa hatua: andika mwongozo, ujaribu kwa matini chache, pima makubaliano, urekebishe mwongozo, urudie tena, na mwisho utoe taarifa ya wazi juu ya yote uliyoyafanya. Tunaiunga mkono njia hiyo. Swali letu ni lipi liandikwe katika mwongozo wa Kiswahili, na lipi mwongozo wowote hauwezi kulimaliza.

Tathmini iliyomo katika viambishi

Miongozo mingi humwambia mtia alama atafute maneno: vivumishi kwanza, kisha nomino na vitenzi. Kwa Kiswahili hilo ni kuanza na mguu mbaya. Tathmini zetu nyingi hazikai katika neno bali katika ngeli. Tazama sentensi hizi mbili: kizee yule amepanda gari; kizee kile kimepanda gari. Maneno ni yale yale. Katika ya kwanza upatanisho ni wa viumbe wenye uhai, na msemaji yamkini anataja umri tu. Katika ya pili mzee ameshushwa mpaka daraja la viti na vikapu, na dharau iko wazi. Mtia alama anayezungushia duara neno kizee katika sentensi zote mbili amekosea mara mbili, kwani pengine ya kwanza haina lawama, na lawama ya pili haimo mle alimozungushia.

Nairobi imeongeza lake. Katika Kiswahili cha 46 kiambishi kinachobeba kazi hii aghalabu si ki- bali ni ka-, ambacho Kikuyu na Kikamba pia wanacho: kamama kanauza mboga pale stendi. Vitabu vyetu vya sarufi sanifu havina nafasi ya ka- hii, na waalimu huifyeka kwa wino mwekundu. Lakini ndani yake mna huruma, mapenzi, mzaha na dharau, na ni sauti ya msemaji pamoja na ujirani wake na huyo mama vinavyoamua ni kipi kati ya hivyo. Mtia alama asiyeijua ka- ataipita kama kosa la tahajia. Na anayeijua kwa mbali tu ataitia alama ya dharau kila aionapo, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuhusu udogo.

Kisha kuna maneno yaliyogeuka. Amependeza mbaya ni sifa kamili. Nimechoka mbaya si sifa wala lawama kwa mtu yeyote, ni kipimo cha kiasi tu. Hapa mwongozo waweza kusaidia sana, maana pana kanuni: mbaya isiyopatana na nomino, iliyokuja baada ya kitenzi, huzidisha kiasi na haihukumu. Ikipatana, kama katika hao wasanii ni wabaya, kanuni inafika kikomo, kwani yaweza kuwa sifa ya juu kabisa au onyo. Neno kali lilitangulia kwa njia hiyo hiyo miaka mingi kabla, na leo hakuna anayeshangaa kusikia wimbo mkali. Tuongeze na eti, neno dogo ambalo laweza kuigeuza sentensi nzima ya sifa kuwa kejeli, ilhali lenyewe halisifu wala halilaumu chochote: eti mheshimiwa ametuletea maendeleo.

Juhudi mbili

Haifai tuseme kana kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Ushahidi na kitengo cha utafiti cha iHub, ambacho ofisi zake wakati huo zilikuwa kando ya barabara ya Ngong, walianzisha mradi ulioitwa Umati. Watu, wala si mashine, walisoma maandishi ya hadhara ya mitandaoni kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng na baadhi ya lugha za jamii za Kenya, wakayapanga katika madaraja matatu, kuanzia ya kuudhi hadi ya hatari kubwa. Walitumia mawazo ya Susan Benesch, ambaye hataki tuulize neno ni baya kiasi gani tu, bali nani anasema na ana nguvu gani, wasikilizaji ni akina nani na wana hofu gani, historia iliyopo ni ipi, na chombo kilichotumika ni kipi. Kwa maoni yetu Umati iliipita orodha ya mwaka 2022 kwa mbali, ingawa iliitangulia kwa miaka kumi. Inasikitisha kuona nchi ikitoka kwenye maswali ikarudi kwenye orodha. Udhaifu wake, tukiruhusiwa kuutaja, ni kwamba mtia alama aliulizwa wasikilizaji wataelewaje, naye akajibu kwa niaba yao.

Juhudi ya pili ni kubwa kwa idadi. Hazina iitwayo AfriSenti, iliyotolewa mwaka 2023, ina maandishi zaidi ya 110,000 ya mtandao wa Twitter, kama ulivyoitwa wakati huo, katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na wazawa wa lugha hizo ndio walioyatia alama. Kwa lugha ambazo hazikuwa na kitu, hilo ni tendo la heshima. Kasoro tunayoiona ni ile ya karibu kazi zote za namna hii: uamuzi hutolewa kwa kura ya wengi. Wawili wakisema sifa na mmoja akisema lawama, kinachobaki kwenye hazina ni sifa, na yule mmoja anapotea kana kwamba hakusoma. Huenda alikuwa mzembe. Huenda pia alikuwa ndiye pekee anayetoka mahali ambapo neno lile hutumika kumkejeli mtu.

Kosa na msimamo

Hoja yetu basi ni kuwa makubaliano na kuaminika si kitu kimoja. Kutokubaliana kuko kwa namna mbili, na njia za sasa huzichanganya. Kuna kosa: mtia alama alichoka, au hakuiona eti. Na kuna msimamo: ameona kila kitu, na bado anasikia lawama pale mwenzake anaposikia sifa, kwa kuwa wao wawili hawasimami mahali pamoja mbele ya maneno hayo. Kosa lifutwe. Msimamo uandikwe, pamoja na jina la mahali ulipotoka, nao uhesabiwe kuwa sehemu ya matini.

Vitu hivi viwili vinatenganishwaje? Katika semina yetu tulijaribu njia nyepesi. Baada ya kila mmoja kutia alama peke yake, waliotofautiana walikutanishwa, kila mmoja akamweleza mwenzake sababu. Anayesema "kweli, sikuona" alikuwa amekosa. Anayesema "nimekuelewa, hata hivyo mimi nasikia hivi" ana msimamo. Tulidhani tumefika.

Hatukuwa tumefika. Wawili kati ya wanafunzi wetu, mmoja wa Lamu na mwingine aliyekulia Kawangware, walitofautiana juu ya sentensi kadhaa zenye ka-. Walipokutanishwa, wa Kawangware aliondoa alama zake karibu zote, akisema kwamba alikuwa amekosa. Tulistaajabu, maana yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji wa usemi ule. Tulipomuuliza faraghani alisema, "Mwalimu, yeye ndiye mwenye Kiswahili. Sisi kule tunaongea tu." Heshima kwa lugha sanifu, ambayo sisi waalimu tumeipanda kwa bidii tangu shule ya msingi, ilikuwa imeiba ushahidi wake. Hesabu ya makubaliano ilipanda vizuri sana siku hiyo, na ilikuwa hesabu ya haya, si ya maana. Tangu hapo tuliamua kwamba sababu ziandikwe kabla ya watu kukutana, na kwamba anayeishi na usemi huo ndiye aanze kuzungumza, awe mdogo kiasi gani. Bado hatujaridhika. Mtu anaweza kuona haya hata mbele ya karatasi.

Tuliongeza pia safu ya tatu katika karatasi zao. Ya kwanza ilikuwa ya alama inayobeba tathmini, iwe neno, kiambishi au upatanisho. Ya pili, ya anayelengwa. Ya tatu iliuliza: unasoma ukiwa nani? Wanafunzi wengi waliiona safu hiyo ya tatu kuwa ya kupoteza muda, na wachache waliijaza kwa neno "msomaji" tangu juu hadi chini. Inaongeza kazi, na mwajiri anayelipa kwa idadi ya sentensi hawezi kuipenda.

Miongoni mwa matini zao za mwisho kulikuwa na sentensi chunga kura yako. Wa Lamu aliandika: agizo, halina tathmini. Yule wa Kawangware, ambaye safari hii aliandika kabla ya kukutana na mtu, alijaza mistari miwili. Wa kwanza ulisema: nikisoma nikiwa mpiga kura, ni kusifu bidii. Wa pili ulisema: nikisoma nikiwa mpangaji katika ploti ya watu wa upande ule mwingine, usiku wa matokeo, nafunga mlango. Tuliwakutanisha wakazungumza kwa muda mrefu. Wa Lamu hakubadili alama yake, naye wa Kawangware hakufuta mstari wowote.